Picha Mbichi Haisomwi

Kutoka Kilosa hadi machimbo ya bati ya Kyerwa nilisafiri siku tisa, na kila siku niliyosafiri nilizungumza na watu wachache kuliko jana yake. Ndani ya treni behewa zima lilikuwa likipiga soga, na kabla ya Dodoma nilikwisha kupata marafiki watatu. Tabora tukabadilisha treni, wakashuka. Kwenye meli ya kutoka Mwanza kwenda Bukoba abiria wenzangu walisema Kihaya. Nilipouliza jambo walinijibu kwa Kiswahili, kwa adabu, kisha wakarudi kwenye lugha yao kama mtu anayerudi ndani baada ya kumwelekeza mpita njia. Lori lililotupandisha kutoka Bukoba lilibeba chumvi na majembe. Tulivuka mto Kagera pale Kyaka, tukakwama topeni siku mbili. Mwisho wa safari aliyebaki wa kuzungumza naye alikuwa dereva, naye aliumwa jino.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, cheti cha darasa la kumi, na barua ya kwenda kujifunza kazi ya eksirei katika hospitali ya machimbo. Eksirei yenyewe sikujua ni nini. Nilichotaka ni kwenda mbali, na mbali nikapewa.

Nawaandikia ninyi vijana mnaoingia leo katika vyumba vya picha. Mimi nimetoka. Nina miaka arobaini na kitu, bado miguu inawasha kwa safari, lakini kucha za mkono wangu wa kushoto zimepasuka kwa mionzi, maana zamani tulimshika mgonjwa kwa mikono mitupu ili asitikisike. Daktari akasema inatosha. Mwezi ule niliofungasha nilionyeshwa mashine mpya mnayojifunza sasa: mgonjwa anakunywa dawa yenye mionzi, kisha mashine inapita taratibu juu ya shingo yake na kuchora mahali dawa ilipojikusanya. Kijana aliyenionyesha alinipa nishike kipande kizito cha risasi chenye matundu mengi kama sega la nyuki.

"Mzee," akasema, "kila kitu kiko hapa. Kwingine kote ni nyaya tu."

Nikakiinua, nikachungulia dirishani kupitia tundu moja. Kijana alidhani natazama mti ulioko nje. Nilikuwa namtazama Ta Zakaria.

Huko Kagera neno "Ta" hutangulia jina la mwanamume mzima anayeheshimiwa. Ta Zakaria alikuwa Mhaya wa Muleba, Mlutheri, mkuu wa chumba cha eksirei, na alikuwa akiimba tenzi kwa sauti ya chini ndani ya chumba cha giza ili kupima muda wa dawa. Beti tatu, filamu imeiva. Siku yangu ya pili alinipeleka nyuma ya nyumba yake, akaazima kwa jirani mrija wa tete, ule wanaonywea rubisi, pombe yao ya ndizi. Yeye mwenyewe hakunywa, au hakunywa mbele yangu.

"Chungulia humo, utazame mgomba ule. Unaona nini?"

"Jani moja, Ta."

"Ondoa mrija. Sasa?"

"Naona shamba zima."

"Jani lako lile lina tundu?"

Sikujua. Nikarudisha mrija jichoni, nikaliona tundu, na kiwavi pembeni yake akiendelea na kazi.

"Basi umekwisha kusoma," akasema. "Anayeona shamba zima haoni tundu. Rudisha mrija wa watu."

Mashine yetu ilikuwa na mirija mitatu ya namna hiyo: koni tatu za chuma zilizotandikwa risasi ndani, mojawapo ikifungwa mdomoni mwa taa ya mionzi. Moja fupi na pana, moja ya kati, moja ndefu na nyembamba. Nawaeleza sababu yake, maana vitabu vinaieleza kwa hesabu tu. Mionzi ikiingia mwilini haipiti yote moja kwa moja. Mingine inagonga nyama na mifupa, ikatawanyika kama ng'ombe waliotishwa, ikaangukia filamu popote. Hiyo iliyotawanyika inaitia filamu weusi lakini haileti habari yoyote. Kadiri unavyomulika mwili mwingi, ndivyo ng'ombe wanavyokuwa wengi. Koni inabana, unamulika mahali unapopataka tu, na picha inatakata.

Lakini kubana kuna bei yake. Ukibana, filamu inafifia, inakubidi kuongeza muda. Ukiongeza muda, mgonjwa anachoka kuzuia pumzi, anapumua, na mbavu zake zinakuwa mbilimbili. Ndiyo maana nilipomuuliza Ta Zakaria koni ipi ni bora alinitazama kama niliyemuuliza mtoto yupi amuuze.

"Hakuna koni bora. Kuna koni ya kifua hiki, saa hii, kwa umeme huu."

Na lile sega lenu la risasi ni maneno yaleyale. Matundu marefu na membamba yataona uvimbe mdogo kama harage, lakini mionzi itakayopita ni kidogo, na mgonjwa atalala hapo hadi shingo ikakamae. Matundu mapana yatamaliza upesi, kisha yatawachorea vivimbe viwili kama kimoja. Kuta kati ya tundu na tundu zikiwa nyembamba mno, mionzi mikali itazipenya kando na kuwadanganya. Msimwamini atakayewaambia amepata vyote viwili, upesi na usafi wa picha. Atakuwa muuzaji.

Amri yake ya pili ilikuwa hii: picha mbichi haisomwi. Filamu ikitoka majini imevimba, matone yanajifanya madoa, na mtu mwenye haraka anaona ugonjwa usiokuwepo au haoni uliopo. Alizitundika kwenye waya kwenye ukumbi, akamfukuza kila aliyechungulia, hata daktari.

Kazi niliipenda. Siku ya Jumapili ndiyo iliyonishinda. Ta Zakaria alikwenda kanisani kisha kwa ndugu zake. Kambi ya wachimbaji ilijaa Kinyambo, Kihaya na Kinyarwanda, na mimi nilikaa mlangoni pa chumba changu nikisikia vicheko vikipita ukutani bila kujua vinachekwa nini. Niliwahi kujisalimia mwenyewe kwa sauti, nisikie tu Kiswahili kikisemwa na mtu asiyeuliza bei wala maumivu.

Kamuhanda alinikuta siku hiyo. Alikuwa mpiga nyundo shimoni, kwao Nyakatuntu, kifua kipana kama mlango, na alitaka kujifunza Kiswahili cha kitabu ili awe mnyapara.

"Mswahili, unaongea na nani?"

"Na mimi."

"Anakujibu?"

"Mara chache."

"Basi ongea na mimi. Mimi najibu, ila nakosea."

Tangu hapo akawa anakuja kila Jumapili. Nilimsahihisha ngeli, yeye akanicheka nilivyomenya ndizi mbichi na kuchafua mikono yote kwa utomvu. Mwezi wa tatu akanipeleka kwao. Nyumba ilikuwa imetandikwa majani mabichi chini, mkewe akanikaribisha, na mama yake akaniletea kikapu kidogo chenye buni kavu, zilizochemshwa na kukaushwa na maganda yake. Nikashukuru, nikauliza maji ya moto yako wapi, na sukari. Kisha yule mama akacheka hadi akashika nguzo. Kahawa ya kule mgeni huitafuna.

"Mnamtoa wapi huyu?" akauliza kwa Kinyambo, na Kamuhanda akanitafsiria.

"Kwenye reli," akamjibu.

Siku hiyohiyo alichukua buni moja, akaipasua. Ndani mna punje mbili zilizolala mgongo kwa mgongo. Akaniambia wazee wa Karagwe walifanya udugu hivyo, wanauita omukago: kila mmoja anachanjwa kidogo tumboni, punje inapakwa damu, huyu anameza ya yule.

"Padri amekataza damu," akasema. "Lakini punje hakuikataza. Meza."

"Nikimeza inakuwaje?"

"Hunifichi kitu. Na mimi sikufichi. Ukinificha, punje inajua."

Nikameza. Kwa miaka yangu yote ya kutangatanga, hapo ndipo mahali pekee nilipowahi kuwa ndugu wa mtu bila kuzaliwa naye.

Sasa nifike kwenye kosa. Umeme wetu ulitoka kwenye injini ya machimbo, na injini hiyohiyo iliendesha kinu cha kupondea mawe. Kinu kikisaga, umeme wetu unanyong'onyea, na picha za kifua zenye koni zinatoka zimepauka. Kwa hiyo Ta Zakaria alikuwa na desturi yake: vifua vyote vilipigwa saa sita mchana, kinu kinaposimama ili watu wapate kula. Kila mwaka wachimbaji walipigwa picha, na foleni ilisubiri juani hadi saa hiyo, ikinung'unika.

Mwaka huo Ta Zakaria alifiwa na nduguye, akaenda Muleba kuzika, akaniachia chumba kwa wiki tatu. Foleni ilikuwa ndefu. Nilijiona mkubwa. Nikaanza saa mbili asubuhi, kinu kikinguruma, na picha za kwanza zikatoka zimepauka, daktari akazirudisha. Ndipo nikapata akili yangu mbaya. Niliondoa koni. Mionzi ikamwagika mwili mzima, filamu ikawa nyeusi kabisa, nikadhani nimeshinda umeme. Weusi niliutafsiri kuwa ubora. Daktari alikuwa na filamu zaidi ya mia za kusoma. Akaona weusi wa kutosha, akaandika "safi" mstari hadi mstari. Kamuhanda alikuwa miongoni mwao. Aliingia akinitania mbele ya wenzake.

"Nipige vizuri, ndugu. Usinitoe kama mzee."

Ta Zakaria aliporudi alizipitia zote, moja moja, kwenye kisanduku cha mwanga. Nilisimama nyuma yake. Baada ya filamu ya kumi hakuimba tena.

"Ulitumia koni gani?"

Nikazitazama koni rafuni, zote tatu.

"Hivi si vifua," akasema. "Huu ni ukungu wa bonde la Kiruruma asubuhi. Ng'ombe wanaweza kupita humo usiwaone."

Akatenga filamu saba za kurudiwa. Ya saba ilikuwa ya Kamuhanda. Akaweka kidole chini ya mfupa wa bega la kulia, mahali penye wingu jepesi kuliko moshi. "Hapa huenda pana kitu, huenda ni uchafu wako tu. Mwite huyu kabla ya wote."

Nikasema ndiyo. Nikawaita wale sita.

Vijana, sijui namna ya kulieleza hili likapendeza. Wenye kifua kikuu walipelekwa hospitali ya mbali, ng'ambo ya pili ya nchi, mwaka mzima au zaidi, na wengi hawakurudi. Nilijua doa likionekana nitampoteza mtu pekee aliyegonga mlango wangu. Nikajiambia ni uchafu wangu tu. Ta Zakaria aliponiuliza, nikasema Kamuhanda amekwenda likizo kwao. Jumapili ikafika, Kamuhanda akagonga, tukala, tukasahihishana ngeli. Ikapita nyingine, na nyingine. Alikuwa akikohoa kidogo tu, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema jambo. Kila alipokohoa nilihesabu.

Jumapili ya tano tulikwenda Nyakatuntu. Mtoto wake wa kike, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili, alikaa magotini pake, na Kamuhanda akawa anatafuna ndizi, analainisha, kisha anamlisha kutoka kinywani mwake kwa kidole, kama walivyofanya watu wote pale. Mtoto alifungua mdomo kama kinda. Mimi niliweka tonge chini.

"Kesho," nikasema, "uje saa sita. Ile picha haikutoka vizuri."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kesho. Saa sita kamili."

Jumatatu kinu kiliponyamaza nilifunga koni ndefu. Nilimwegemeza nyuma, kiuno mbele, mikono kiunoni, ili mifupa ya bega ipande na kuachia ncha ya pafu. Niliubana mwanga hadi ukawa wa upana wa kiganja. Nikaongeza muda. "Shika pumzi," nikamwambia, na nadhani mimi nilishika zaidi yake. Ta Zakaria aliiosha filamu mwenyewe. Tulisubiri ikauke. Nilitaka kuisoma mbichi, akanizuia kwa mkono.

Ilipokauka haikuhitaji kidole. Doa lilikuwa pale, ukubwa wa buni, na katikati yake tundu.

"Alikuwa kwao likizo," akasema Ta Zakaria, si kwa kuuliza.

"Hapana, Ta."

Alizima taa ya kisanduku. "Wiki tano. Ni wewe utakayemwambia. Si daktari, si mimi."

Nilimwambia siku lori lilipomchukua, nimesimama chini, yeye ameketi juu ya magunia na bahasha yake ya picha. Nilimwambia yote: koni, kinu, wingu nililoonyeshwa, na jinsi nilivyoogopa kumpoteza. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nilijua kuna kitu," akasema. "Jumapili tano hukunitazama usoni. Ulinitazama kifuani."

"Nisamehe."

"Na mtoto?"

Lori likaondoka.

Jibu la mtoto nililipata kwa koni ndogo kuliko zote, bibi yake amemshika, mimi nikiwa nimeshika mikono yake yote miwili; ni siku kama zile ndizo zilizokula kucha hizi. Tulimpiga picha mara mbili, miezi sita kati ya picha na picha. Zote safi. Mke wa Kamuhanda alizipokea habari, akanishukuru, na hakunikaribisha nyumbani.

Kamuhanda hakuandika barua. Baada ya mwaka mmoja na nusu nikasikia kutoka kwa watu sokoni kwamba amerudi, amepona kwa sindano, yuko shambani kwake na shimoni harudi tena. Jumapili hiyo nilifagia chumba. Nilifagia na iliyofuata. Nyakatuntu ilikuwa mwendo wa asubuhi moja kwa miguu, na sikuthubutu kwenda. Wakati wa mapumziko nilitembea kwingine, hadi Bweranyange nikaona vyuma vya wafalme wa zamani, nikarudi bila kumsimulia mtu. Mwisho nikaomba uhamisho. Ta Zakaria aliisoma barua yangu, akasema, "Mguu wako umekuwa ukiwasha tangu uje." Lakini alinipigia muhuri polepole.

Lori la kunichukua lilitakiwa saa saba. Saa sita, kinu kimesimama, nilikuwa nafuta zile koni tatu kwa mara ya mwisho nikasikia kikohozi cha mtu anayesafisha koo. Kamuhanda alikuwa mlangoni, amenenepa, amevaa kofia.

"Shikamoo, Ta Zakaria," akasema akigeukia ukumbini, na akaitikiwa. Kisha kwangu: "Mswahili. Nasikia unakwenda."

"Nakwenda."

"Huko kuna watu wa kuongea nao?"

"Sijui."

Akatoa buni moja mfukoni, kavu, nyeusi, nzima, akaiweka juu ya meza ya mashine. Tukaitazama. Akasogeza kidole gumba kuipasua, kisha akakiondoa.

"Ile ya kwanza ulimeza bila kujua unameza nini," akasema. "Hii sipasui leo. Lakini nataka kujua ndani kama zimo mbili. Nyingine huwa na moja."

Ni kweli. Kila mkulima wa kahawa anajua kuwa buni nyingine huwa na punje moja tu, duara, isiyo na mwenzake.

Nikafunga koni nyembamba. Nikaiweka buni juu ya filamu ndogo, nikapunguza nguvu za mionzi hadi mwisho, nikabana mwanga hadi ukawa mdogo kama sarafu. Sijawahi kupiga picha kwa uangalifu ule, si kabla wala baadaye. Ta Zakaria akaingia chumba cha giza. Tukamsikia akiimba ubeti wa kwanza, wa pili. Nje honi ikapigwa. Akaimba wa tatu.

Alitoka na filamu inachuruzika, akaitundika kwenye waya. Mimi na Kamuhanda tukasogea pamoja.

"Mbichi," akasema Ta Zakaria.

"Ta, lori linaondoka."

"Nimesikia lori. Mbichi haisomwi."

Niliona kivuli, na katikati ya kivuli kitu kama mstari. Pengine ulikuwa mstari kati ya punje mbili. Pengine lilikuwa tone linaloteremka. Kamuhanda aliokota ile buni mezani, akanitia kiganjani, akanifunga vidole juu yake.

"Mimi nitangoja ikauke," akasema. "Wewe nenda."

Nilipanda juu ya magunia. Lori lilipopinda kwenye mteremko nilimwona bado amesimama chini ya waya, mikono nyuma, kofia ameivua, akingoja.